Bakuli la Mwalimu Likivuka Barabara

Watu wengi huandikwa wakishazikwa. Sifa zinapangwa vizuri, makosa yanafichwa, na mwenyewe hayupo kubisha. Mimi namwandika Mwalimu angali hai, tena kwa haraka, kwa sababu naogopa kwamba siku hizi mtu anaweza kumfanyia jambo baya, kisha mtaa mzima useme haukumjua vizuri. Mimi namjua. Nimekaa naye ukuta kwa ukuta tangu nilipoolewa na kuletwa hapa Singida mjini, upande wa Ziwa Kindai, na kutoka kibarazani ninaposhonea cherehani naliona geti lake moja kwa moja. Jina lake silitaji. Wanaomwinda wanapajua kwake, na wengine hawalihitaji.

Alifundisha sayansi kimu katika shule za msingi mpaka akastaafu, na nusu ya watu wazima wa mtaa huu walipita mikononi mwake. Alikagua kucha zao, akawarudisha nyumbani kwa kola chafu, akawafundisha kushona kifungo na kusugua sufuria. Sidhani kama walimpenda, ila walimheshimu. Hata leo akipita kijiwe cha bodaboda, vijana wenye ndevu huficha mikono mifukoni, maana haoni haya kumshika mtu mkono hadharani na kumwuliza, "Kucha hizi ndizo unazolia ugali?" Wenzake wanacheka. Yeye hacheki, anashika njia yake.

Kinachomponza ni matunda ya kupika. Ni kitu kidogo kweli. Ni papai, nanasi na embe likiwa msimu wake, yamekatwa vipande na kuchemshwa kidogo katika maji ya sukari, basi. Wengine mtaani huyaita rojo la Mwalimu. Akisikia anakasirika, maana rojo kwake ni chakula kilichoshindwa. Alinifundisha kuyapika mwaka ule nilipojifungua mtoto wa kwanza na kinywa changu kikawa kichungu, na somo lenyewe nusura linitoe machozi.

"Unakata kuni au unakata tunda?" aliniuliza. "Vipande viwe sawa. Kikubwa kitabaki kigumu, kidogo kitayeyuka, na wewe utasema jiko ndilo baya."

Alianza na maji na sukari, kijiti cha mdalasini na ganda la limau lililomenywa jembamba. Mdalasini huo anaununua kwenye duka la Wahindi mjini, kwa mzee mmoja ambaye wamegombana kuhusu ubora wake miaka nenda rudi na hakuna hata siku moja aliyokwenda duka jingine. Maji yalipochemka na sukari kupotea, akatia nanasi, kwa kuwa ndilo gumu. Baadaye embe. Papai lilingoja mpaka mwisho, nalo liwe limeiva lakini linakataa kidogo ukilibonyeza. Mimi nikanyanyua mwiko.

"Usikoroge."

"Si yataungua, Mwalimu?"

"Yataungua kama moto wako ni wa hasira. Punguza mkaa. Shika sufuria masikio, itikise. Ukikoroga unapata uji, na uji kila mtu anajua kupika."

Kingo za papai zilipoanza kung'aa akaepua, akakamulia ndimu sufuria ikiwa chini, akafunika. Kama ana asali nzuri huacha nusu ya sukari na kutia asali hapo, moto ukiwa umeshatoka. Hayaliwi ya moto, wala ya kwenye friji. Yanaliwa yakiwa na joto la mkono. Nilikula bakuli zima siku ile, nikalia, na sijui mpaka leo kama nililia kwa utamu au kwa uchovu wa uzazi.

Jambo la ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hayapendi. Chakula chake ni ugali wa mtama na mlenda, asubuhi akipata kiporo hatamani kingine. Nilimwuliza kwa nini basi anahangaika. Alikuwa anamenya nanasi, hakuinua macho. Akaniambia kuhusu mumewe, jinsi alivyougua mpaka hawezi kutafuna, na jinsi alivyoomba kitu cha majimaji chenye utamu kidogo. Ndugu zake wakasema mwanamume mgonjwa anatiwa nguvu kwa ugali na nyama. Wakamlisha. Yeye alikuwa mke mgeni kati ya wakwe, akanyamaza. Walipomwosha marehemu walikuta tonge la ugali shavuni, halijamezwa.

"Nilikuwa na papai ndani," alisema. "Limeiva, liko kwenye kapu."

Akaendelea kumenya nanasi mpaka likaisha.

Tangu hapo, akisikia kuna mgonjwa aliyeshindwa kula, anapika. Anatia kwenye bakuli lake jeupe la bati, anafunika kwa sahani, anafunga kitambaa safi juu, anavuka barabara. Haulizi dhehebu. Yeye ni Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, lakini nimemwona akipeleka bakuli kwa Waislamu mwezi wa Ramadhani baada ya kufuturu, na kwa mlevi mmoja ambaye kanisa lilishamsahau. Wakati huohuo ni mwanamke mwenye roho ngumu kwa mambo madogo. Ukiazima kijiko chake cha chai atakikumbuka mwaka mzima. Hajawahi kunisifia nguo hata moja niliyomshonea, na amezivaa zote.

Sasa nieleze palipoharibika, maana ndipo hofu yangu ilipo. Mwalimu huenda kwa mgonjwa pale mgonjwa anaposhindwa kutafuna. Na mgonjwa anayefika hapo, mara nyingi yuko njiani. Hilo halihitaji elimu kubwa. Alienda kwa mzee wa karibu na mashine ya maji, mzee akafa wiki hiyohiyo. Alienda kwa mama mmoja wa kwaya, naye akafa. Mwingine akafuata. Watu wakaanza kuunganisha. Kwanza ilikuwa utani wa kijiweni, wakaliita bakuli la kwaheri. Baadaye utani ukaacha kuchekesha. Bakuli likitoka getini, wanawake walianza kuita watoto ndani. Mimi mwenyewe nimekula kutoka bakuli hilo na niko hapa nashona. Kuna binti wa nyuma ya msikiti aliyekonda kwa mimba mpaka tukakata tamaa, akala matunda hayo kila siku, leo ana mapacha wanaokimbiza kuku wangu. Huyo hatajwi.

Kilichotia mafuta kwenye moto ni kuonja. Huku kwetu anayekuletea chakula huonja kwanza mbele yako. Pombe ya mtama hufanyiwa hivyo, maziwa hufanyiwa hivyo, hata uji wa mzazi. Ni kuondoa wasiwasi. Unakula kijiko kimoja, mwenyeji anaona uko salama, anapokea. Hakuna anayechukia kuombwa hivyo, na wengi huonja hata kabla ya kuombwa. Mwalimu haonji. Anaonja jikoni kwake, kwa kijiko ambacho hapohapo kinaingia kwenye maji ya moto, na bakuli likishatoka hapo haonji tena. Maisha yake yote amefundisha kwamba kijiko kilichoingia mdomoni hakirudi kwenye chakula cha mgonjwa.

Nilimwambia, "Mwalimu, beba vijiko viwili. Chukua kidogo pembeni, onja, yaishe."

"Nimewafundisha watu hawa wenyewe," alisema. "Waliandika ubaoni, wakafanya mtihani, wakafaulu. Leo nikawaonjee mlangoni kana kwamba mimi ni mtuhumiwa? Siku nikionja, nimekubali kwamba kuna la kuogopa."

Hapo ndipo nilipomkasirikia, na bado nimemkasirikia. Ana haki, lakini haki yake haina geti la chuma. Ni mwanamke mzee, mjane, hana mtoto, na moshi wa mkaa umemwachia macho mekundu. Kila mtu mkoa huu anajua mzee wa namna hiyo huitwa nini watu wakianza kunong'ona, na anajua yaliyowapata baadhi yao. Mimi nikitamka neno hilo ananikata. Anasema neno hilo halikuwamo kwenye mtaala.

Mama wa matunda sokoni, aliyekuwa akimchagulia papai zuri siku zote, alimwambia yameisha huku yamepangwa mbele yake. Mwalimu akayatazama mapapai, akamtazama yule mama. "Haya," akasema, "yakiongezeka utaniambia." Baada ya hapo akawa anategemea mipapai yake ya uani. Asubuhi moja tukaikuta imekatwa kwa panga, yote, usawa wa goti, utomvu bado unachuruzika. Mawe yakaanza kuanguka juu ya bati la paa lake, moja moja, jioni watu wakiwa bado wanapita. Hakuna aliyeona nani anarusha. Mtaa wetu, ambao unaona hata nani amenunua nyama, haukuona.

Mwenyekiti wa mtaa akaja na wazee wawili. Nilileta viti. Akaanza mbali, akazungumzia amani, akazungumzia umri.

"Kwa usalama wako, Mwalimu, pumzika kupika."

"Kwa usalama wangu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi aliyekata mipapai yangu umempumzisha nini?"

Mwenyekiti alitazama kofia yake. Naye alikuwa mwanafunzi wake. Waliondoka bila kunywa chai, na chai ilikuwa imeshamiminwa.

Mwenye sauti kubwa kuliko wote alikuwa kijana mmoja mwenye mashine ya kukamua alizeti, pale kona ya barabara. Namwita kijana, ana watoto watatu. Ni mtu mwenye wafanyakazi, na wafanyakazi hao husikiliza anachosema wakisubiri magunia. Alisema waziwazi kwamba kikifika kifo kingine kupitia bakuli lile, mtaa hautakwenda tena kwa mwenyekiti. Nililisikia kwa masikio yangu, nilikuwa nimepeleka alizeti yetu ya shambani. Nikarudi nyumbani na mafuta nusu, sikungoja yaliyobaki.

Kisha mama yake mzazi akaugua. Ni mwanamke tuliyempenda wote, rafiki wa Mwalimu wa tangu ujana, waliimba pamoja kanisani kabla ya kugombana kuhusu jambo ambalo hakuna kati yao anayelikumbuka. Ugonjwa ulikuwa wa koo. Hospitali wakamrudisha nyumbani, na sote tunaelewa maana ya kurudishwa. Wiki moja baadaye nikiwa kibarazani nikamwona yule mwanawe anavuka barabara peke yake, mchana kweupe, anasimama kwenye geti la Mwalimu. Niliacha cherehani, nikaenda.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Mama amekataa kila kitu." Alikuwa anazungumza na bawaba ya geti. "Uji amekataa, supu amekataa. Anataka matunda yako."

"Amesema yeye?"

"Amesema yeye."

"Basi niletee papai. Mipapai yangu ilikatwa."

Alikwenda, akaleta papai na nanasi, akaviweka chini, akaondoka. Mimi nikamfuata Mwalimu jikoni, nikafunga mlango. Nilimwambia kila kitu nilichosikia pale mashineni. Nilimwambia yule mama atakufa akila na atakufa asipokula, na kwamba akila, wamepata sababu. Nilimwomba aseme anaumwa. Nilimwomba anipe mimi nipike kwangu, nipeleke kwa jina langu. Nilipiga magoti, jambo ambalo sijalifanya hata kwa mama mkwe wangu.

"Inuka, unachafua sketi," alisema. "Mkaa uko wapi?"

Alikata vipande vidogo kuliko kawaida, kwa sababu ya koo. Alisema papai litaachwa lilainike zaidi. Nilisimama pale nikimchukia na nikimpenda, kisha nilichukua kisu nikamalizia nanasi mimi.

Tulivuka barabara pamoja. Nilitaka kubeba bakuli, akakataa. Kinyozi alitoka nje na mashine mkononi, mteja ameachwa na kichwa nusu. Kwenye mlango wa mgonjwa mwanawe alikuwa amesimama, na nyuma yake shangazi zake wawili.

"Onja, Mwalimu," alisema.

"Nimeonja nyumbani."

"Onja hapa."

"Nilikufundisha nini kuhusu kijiko cha mgonjwa?"

Yule mwanawe alikaza uso. Nikanyoosha mkono nionje mimi, na Mwalimu akalisogeza bakuli mbali nami, hivyohivyo, mbele za watu. Nilidhani hapo ndipo mwisho wetu. Kisha sauti ikatoka ndani, nyembamba, kwa Kinyaturu, ikiuliza kama wanataka afe kwa njaa wakiwa wanabishana mlangoni. Shangazi mmoja akajisogeza. Tukaingia.

Yule mama alikula. Vipande vichache tu, na maji yake, Mwalimu akimshikia kichwa. Alifumba macho kila alipomeza. Aliomba tena baada ya kupumzika, na tena jioni, na kesho yake tukapeleka mengine. Walizungumza kidogo, wale marafiki wawili wa zamani, mambo ya kwaya, na mara moja niliwasikia wanacheka. Mwanawe alikuwa anakaa chumba cha pili na mlango wazi.

Asubuhi ya siku iliyofuata, tukiwa tunaosha bakuli uani kwa Mwalimu, kilio kikaanza upande wa pili wa barabara. Sauti moja, halafu nyingi. Mwalimu alikausha bakuli mpaka chini, akalirudisha kabatini, akajifunga khanga.

"Twende msibani," alisema.

"Tungoje kidogo, Mwalimu. Watu wapoe."

"Mfiwa hangojwi."

Wanawake walikuwa wameshakaa kwenye mikeka. Tulipofika hakuna aliyesogea. Mwalimu alivua viatu, akakaa chini kwenye udongo pembeni ya mkeka, nami nikakaa naye. Nilihisi mgongo wangu unawaka kwa macho ya watu. Saa nzima nilitazama vidole vya miguu yangu. Kisha yule mwenye mashine ya alizeti akatoka kwa wanaume, akaja mpaka tulipo, akainama kwa adabu kabisa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

"Asante. Leo unalala nyumbani kwako?"

"Nilale wapi kwingine?"

"Nauliza tu."

"Nalala kwangu. Unapajua."

Akaitika kwa kichwa, akarudi kwa wenzake waliosimama karibu na lori lake la magunia, akasema jambo, nao wote wakageuka kututazama. Sijui alisema nini. Inawezekana aliwaambia wasimguse mtu aliyemlisha mama yake. Inawezekana aliwaambia kinyume. Nimeurudia uso wake kichwani mara nyingi na sijapata jibu, na mtu akiniambia nisiwe na wasiwasi namwona mjinga.

Palepale nilimpigia simu mume wangu, ambaye anauza vipuri vya pikipiki kule Mkiwa na hurudi mwisho wa wiki. Nikamwambia silali nyumbani, nalala kwa Mwalimu. Akaniuliza kama nina akili timamu. Nikamwambia sina uhakika. Akasema atarudi mapema, na nisimfungulie mtu.

Basi tangu siku ile nimehamia hapa na godoro langu, na haya nayaandika mezani kwake. Polisi tumekwenda, wakatusikiliza, wakasema tukiona jambo tuwapigie. Mwenyekiti hapokei simu. Mawe hayajarushwa tena, na ukimya huo unanitisha kuliko mawe. Jioni kuna watu hukaa upande wa pili wa barabara, pasipo na duka wala kituo, na tukichungulia wanatazama kwingine.

Leo asubuhi nilimwambia tuondoke. Nina dada yangu kijijini Ulemo, ana chumba, ana shamba, hakuna anayemjua Mwalimu huko. Nilishapanga hata nguo zake kwenye mfuko. Aliusikiliza mpango wote, akanishukuru, jambo ambalo si la kawaida yake. Kisha akaniambia kuna mwanamke nyuma ya soko la kuku, mgeni hapa, amelala hoi na meno hayashiki chakula, na mumewe alikuja kwa mlango wa nyuma nilipokuwa kisimani.

Nikakaa kitandani. Nikamwuliza, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kama haogopi.

"Naogopa sana," alisema. Alikuwa anatafuta khanga yake. "Lakini yule hajala tangu juzi."